MJADALA: Gold ya Ryan Adams (2001), wakosoaji walimwonea au jamaa alijaza nyimbo tu?

Kaseti Mbili (mleta mada):
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanikera miaka yote na leo nakitoa. Albamu ya Gold ya Ryan Adams, yule mwimbaji wa Marekani, ile ya Septemba 2001, kila ukisoma wanaojiita wakosoaji unakuta maneno yaleyale, ndefu mno, imetawanyika, kijana anaiga kila mtu, angebaki na nusu ya nyimbo ingekuwa kazi ya maana kama Heartbreaker. Sasa tukumbushane. Jamaa katoka kwenye bendi ya Whiskeytown huko North Carolina, mwaka 2000 katoa Heartbreaker kwa lebo ndogo ya Chicago inaitwa Bloodshot, watu wakalia, mpaka Elton John akasema ile kazi ndo ilimpa moto wa kutengeneza albamu yake ya 2001. Halafu wakamsajili Lost Highway wa Nashville, hao walikuwa chini ya Universal, akaingia studio na prodyuza Ethan Johns akatoka na mzigo wa nyimbo 21 na anataka diski mbili. Lebo ikagoma. Nyimbo 16 zikabanwa kwenye CD moja ya dakika kama 70, tano zilizobaki wakazitupa kwenye diski ya ziada, wakaiita Side 4, ikaja na kopi 150,000 za mwanzo tu, ukichelewa imekula kwako. Kwa hiyo mkosoaji anayesema albamu haina mpangilio anamhukumu Ryan kwa mpangilio wa lebo. Mimi nasema walimwonea. Wewe unasemaje? Hoja tafadhali, sio matusi.

Sabufa:
Huyu si ndo yule wa Summer of '69? Ana nyimbo kali sana, disko za enzi zetu Moro zilikuwa hazifungwi mpaka apigwe. Sasa hapo wakosoaji wanakosoa nini

Kaseti Mbili:
Mkuu huyo ni Bryan. Yenye B. Mkanada. Huyu ni Ryan, wa Jacksonville, North Carolina. Naomba tusianze hivi.

Sabufa:
Bryan Ryan wote Adams, herufi moja tu povu lote hilo. Na Bryan anajulikana mpaka kwa bibi yangu Kilosa, huyo wako nani anamjua

Buda wa Umoja:
😂😂 Sabufa umegusa pale pale. Hiyo kitu imemuuma Ryan mwenyewe kushinda wakosoaji wote. 2002 alikuwa ukumbi wa Ryman pale Nashville, msee kwa crowd akapiga nduru aimbiwe Summer of '69, jamaa akasimamisha show, akamtafuta, akampea dola 30 za tiketi yake na akamwambia aende. Sio chai, imeandikwa kila mahali. Na hapa ndio kuna uchawi: wote wamezaliwa tarehe 5 Novemba, Bryan 1959 na Ryan 1974. Sasa wewe fikiria uzaliwe na hilo jina na hiyo siku halafu ukuwe mwanamuziki.

Bi Mkubwa Tudor:
Ngojeni kwanza. Mtu katoa pesa yake mfukoni, kaingia ukumbini, kaomba wimbo, katolewa nje kama mwizi wa kuku, na nyinyi mwacheka? Huo ni utovu wa adabu. Kwenye taarab mtu akitaka wimbo wake aenda mbele, atunza, aimbiwa, na mwimbaji ashukuru. Msanii akishajiona mkubwa kuliko waliomjia, basi hata hiyo albamu yake siihitaji, iwe diski mbili iwe kumi.

Mpiga Besi Mstaafu:
Bibie, enzi zile ungeenda ukumbi wa Msondo ukaomba wimbo wa mahasimu wao Sikinde uone kama ungetoka na viatu vyote viwili. Kuna kuomba wimbo na kuna kumchokoza mtu. Huyo mlevi hakutaka wimbo, alitaka kumkumbusha mwenzake kwamba kuna Adams mwingine anauza zaidi yake. Mimi nimepiga besi kwenye mabendi ya hoteli miaka mingi, hawa watu nawajua sura, anakuja na chupa mkononi anataka umpigie hiti ya bendi iliyowazidi umaarufu, ukimwambia hatuna huo wimbo anaita meneja. Nikipata dola 30 za kuwarudishia wote ningekuwa fukara lakini nina amani.

Bi Mkubwa Tudor:
Usiniite bibie, hatujuani. Na mlevi ni nani kakwambia alikuwa mlevi? Ulikuwepo?

Buda wa Umoja:
Na story haikuishia hapo. 2015 Ryan alirudi hapo hapo Ryman na akaimba hiyo Summer of '69 mwenyewe bila kuombwa na mtu.

Sabufa:
USHAHIDI HUO!! Hata yeye anajua wimbo mzuri ni wa nani. Mod funga uzi

Kaseti Mbili:
Nimeandika aya nzima kuhusu lebo na diski mbili, tunajadili Kanada. Hivi kuna mtu humu ameisikiliza Gold kuanzia mwanzo mpaka mwisho?

Ngosha Ughaibuni:
Mimi nimeisikiliza, na nimeisikiliza inakotoka. Niko Minneapolis huku mwaka wa kumi na kitu, na niwaambie ukweli, Amerikana, hii country iliyochanganyika na roki, huwezi kuielewa ukiwa umekaa kwenye foleni Kimara. Huu muziki unatakiwa uwe na barabara ndefu mbele yako, mahindi kushoto mahindi kulia, saa tatu hujaona taa nyekundu. Sasa kwa masikio hayo, wakosoaji walisema kweli tupu. Answering Bell ni Van Morrison mtupu. Tina Toledo ni Rolling Stones wa miaka ya sabini mwanzoni mpaka makofi. Kuna za Neil Young, kuna za Dylan, halafu akaenda kuirekodi Hollywood tena, kava lina bendera ya Marekani nyuma yake, kila kitu ni mapambo. Heartbreaker alikuwa na maumivu yake, akawa na Gillian Welch na David Rawlings pale Nashville, wakamaliza haraka. Gold ni kijana anayeonyesha kwamba amesoma vitabu vyote vya maktaba. Ukiwa na nyimbo 10 mtu anakusamehe, ukiwa na 21 tunaanza kukagua.

Kaseti Mbili:
Afadhali, mtu mwenye hoja. Ila huko kurekodi Hollywood ndo ilikuwa mada yenyewe ya albamu mkuu, wimbo wa kwanza anaiaga New York, katikati kuna La Cienega ambayo ni barabara ya Los Angeles, wa mwisho anaiambia Hollywood Boulevard usiku mwema. Mtu anahama kutoka pwani moja kwenda nyingine huku moyo umevunjika. Hiyo safari uibane vipi kwenye nyimbo kumi?

Chai ya Kericho:
Mimi hiyo ya "huwezi kuielewa ukiwa Kimara" ndio imenileta. Ndugu Ngosha, nyumbani Kericho mwaka 1950 alikuja mtu anaitwa Hugh Tracey na mashine yake ya kurekodi, akakuta wasichana wa Kipsigis wanaimba wimbo unaitwa Chemirocha. Unajua Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers. Baba wa country mwenyewe. Santuri zake zilifika kwetu, watu wakasikia ile sauti na gitaa wakamtengenezea umbo lake, nusu mtu nusu swara, na wakamtungia wimbo, na jamaa mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1933 hana habari. Hakuna aliyekuwa na mahindi kushoto mahindi kulia, ilikuwa chai. Kwa hivyo mambo ya kutupima nani anaelewa kwa sababu ya barabara, wacha.

Ngosha Ughaibuni:
Sijasema hamruhusiwi kusikiliza jamani. Nimesema kuelewa. Na tusidanganyane, country ya Kenya ni Jim Reeves wa kwenye matanga na Kenny Rogers Jumapili mchana redioni, mkishasikia gitaa na sauti ya upole mnafikiri ni kitu kimoja. Ryan Adams alikuwa mtoto wa punk kabla ya hapo, hii ni mizizi mingine.

Buda wa Umoja:
Wewe. Jim Reeves usimguse. Ongea kuhusu Ryan, ongea kuhusu Bryan, ongea kuhusu nani sijui, lakini Jim Reeves wacha alale. Guka yangu tumemzika na huyo mtu akiimba kwa radio cassette, wazee wote wamevua kofia.

Ngosha Ughaibuni:
Si ndo nimesema, matanga. Na huyo mnayemvulia kofia alienda Afrika Kusini ya makaburu mwanzoni mwa miaka ya sitini, akaimba Kiafrikana kabisa, akacheza na filamu huko huko. Mnalia na mtu ambaye babu yako asingeruhusiwa kukaa kwenye kiti cha mbele kumsikiliza.

Buda wa Umoja:
Guka hakuwa Johannesburg, alikuwa Kiambu na radio yake. Unafikiri umetuambia kitu mpya? Tunajua. Kama tutaanza kutupa kila mtu aliyeimba kwa makaburu kabati itabaki tupu. Na wewe ndugu yangu unaishi na kulipa kodi hapo hapo Marekani unatufundisha historia ya ubaguzi, si ungeanza na jirani zako.

Sabufa:
Sasa hapa ndo pametulia. Naleta kiti

Mpiga Besi Mstaafu:
Vijana punguzeni moto. Ngosha, kwenye kuiga umesema nusu ya kweli na nusu umeiacha njiani. Hank Williams mwenyewe, huyo mnayemwita mfalme wa country, gitaa alifundishwa na mzee mweusi wa mitaani kule Alabama, Rufus Payne, watu wakimwita Tee Tot. Banjo lenyewe asili yake ni Afrika Magharibi. Huu muziki wote ni wa kuokota na kupokezana, hakuna aliyeanza na sifuri. Kwa hiyo kumwambia Ryan "unaiga" sio kosa, kosa ni pale ninapomsikia yule anayeigwa kuliko anayeimba. Tina Toledo, nakubali, namsikia Keith Richards wa Rolling Stones, simsikii mwenye albamu. Lakini When the Stars Go Blue niambie anamuiga nani? Hakuna. Ndiyo maana wenzake wakaikimbilia, The Corrs na Bono 2002, halafu Tim McGraw 2006 akaipeleka kwenye country yenyewe. Watu hawarudii nakala bwana, wanarudia kitu chenye mwenyewe.

Kwenye urefu sasa, mleta mada, hapo mimi siko na wewe. Nobody Girl inakaribia dakika kumi. Sina shida na dakika kumi, mimi mtu wa Franco, Mario inaenda dakika 14 na hakuna aliyewahi kusema ipunguzwe, kwa sababu hadithi inaenda, sauti zinapokezana, gitaa zinabadilika unajikuta umesimama. Nobody Girl inafika dakika ya nne imeshasema yote, kuanzia hapo gitaa linatafuta mlango wa kutokea. Hilo sio la lebo, hilo la aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha prodyuza.

Bi Mkubwa Tudor:
Hapo kwenye Mario nakuunga mkono ingawa umeniudhi. Urefu si hoja. Wimbo wa taarab dakika kumi na tano mtu hatoki kwenda hata msalani. Watoto wa siku hizi wimbo dakika mbili na nusu, ushaisha hujajua waimba nini.

Chai ya Kericho:
Hiyo ni TikTok madam, wimbo unatungwa kwa ajili ya ile sehemu ya sekunde kumi na tano.

Bi Mkubwa Tudor:
Na ndiyo yamewaharibu. Mwanangu aniwekea wimbo nusu, auruka, aweka mwengine nusu, nyumba nzima yazunguka kichwa.

*(Hapa ziliingia posti nyingi kuhusu TikTok, singeli na watoto kutosikiliza wazazi. Zimehamishiwa uzi mwingine. Mod.)*

Kaseti Mbili:
Asante mod. Mzee wa besi, Nobody Girl ile nusu ya pili ndo yenyewe sasa, jamaa hana la kusema tena lakini hawezi kuondoka, si ndo anavyokuwa mtu aliyeachwa? Wewe unataka aache kwa ratiba. Halafu mbona mnakwepa lebo? Hawa walifanya hivyo hivyo tena, akawapelekea Love Is Hell wakasema haiuziki, akawatupia Rock N Roll mwisho wa 2003, na ile Love Is Hell wakaigawa vipande viwili kwanza ndo ikaja kutoka nzima 2004. 2005 akatoa albamu tatu mwaka mmoja na ya kwanza, Cold Roses, ni diski mbili. Alikuwa hivyo tangu mwanzo. Wao ndo walichelewa kumwelewa.

Mpiga Besi Mstaafu:
Au walimwelewa mapema, ndo maana wakashika mkasi.

Buda wa Umoja:
Kuna kitu hamjataja na bila hiyo hamwezi kuelewa hiyo album ilipokelewa aje. Video ya New York, New York ilishootiwa tarehe 7 Septemba 2001. Jamaa amesimama na gitaa ng'ambo ya maji, nyuma yake Manhattan yote na yale majengo mawili ya World Trade Center yako hapo wima. Siku nne baadaye hayako. Album inatoka tarehe 25, wiki mbili. MTV na VH1 wakaipiga kama wimbo wa taifa, na ukisikiza maneno ni mtu ameachwa na msichana anaaga mji, hakuna hata neno moja la hiyo maneno ingine. Sasa niambie ni mkosoaji gani wa Marekani mwezi huo angekaa chini aandike "hii kitu ni ndefu, punguza". Mimi naona mleta mada ako na makosa kabisa. Hawakumwonea, walimhurumia. Mapanga yalikuja mwaka uliofuata walipopoa.

Kaseti Mbili:
Hii pointi ina uzito ila naigeuza. Huo wimbo ulimharibia. Kila mtu akasikia wimbo namba moja akalia akafunga, wa kumi na sita hakuna aliyefika.

Sabufa:
Daah kwa hiyo msiba ndo umembeba jamaa. Angetoa mwezi wa nne asingejulikana kabisa

Ngosha Ughaibuni:
Sabufa chunga mdomo. Huku kila Septemba watu wanasimama kimya kazini, nina wenzangu walipoteza ndugu. Msiba wa watu haufanyiwi utani.

Chai ya Kericho:
Ni kweli haufanyiwi utani. Na mabomu ya 7 Agosti 1998 je? Nairobi watu 213, Dar 11. Hapo Minneapolis mnasimama kimya kazini?

Ngosha Ughaibuni:
Nani kalinganisha? Mimi nimemwambia Sabufa. Kwa nini kila kitu mnakigeuza mashindano?

Buda wa Umoja:
Hakuna mashindano. Ni vile unaongea kama balozi. Mamangu alikuwa Moi Avenue hiyo asubuhi ya '98. Hadi wa leo ukigonga mlango kwa nguvu anashtuka anashika ukuta. Ufundi House iliangukia watu wenye hawakuwa na habari na ubalozi wa mtu, wengine walikuwa wanasoma usekretari. Sikusema wimbo wa Ryan ni mbaya, mimi ndio nimeuleta hapa, naupenda. Lakini nikiona vile hiyo video ilipigwa dunia nzima, hata kwetu, lazima mtu ajiulize yetu ilipigwa wapi. Hiyo tu. Usinifunze heshima ya msiba.

Ngosha Ughaibuni:
Pole kwa mama. Lakini bado sijui mimi nimekosa nini.

Bi Mkubwa Tudor:
Umekosa kusikiliza. Tangu umeingia wafundisha tu.

Nimepita Tu:
Nimesoma uzi mzima nikisubiri mtu ataje 2019 naona wote mmekausha. Wanawake kadhaa walijitokeza kwenye New York Times, akiwemo aliyekuwa mke wake Mandy Moore na wasanii wadogo aliokuwa anawaahidi kuwasaidia, wakamtuhumu kuwanyanyasa. Yeye alikanusha, lakini albamu alizokuwa amepanga mwaka ule ziliwekwa kando. Mnajadili "mtu aliyeachwa hawezi kuondoka" kwa dakika kumi na mnaona ni sanaa. Mimi ule wimbo Harder Now That It's Over nilikuwa naupenda sana, sasa hivi nikiusikia naruka.

Sabufa:
Bryan hajawahi kuwa na mambo haya

Kaseti Mbili:
Dada yangu hilo nalijua na silitetei. Ila mada ni ilivyopokelewa 2001.

Nimepita Tu:
Mada yako ni "walimwonea". Neno lako hilo, sio langu. Nimeuliza tu ni nani hasa alionewa kwenye hii hadithi. Nimepita.

Mpiga Besi Mstaafu:
Huyu binti kaandika mara mbili kasema kuliko sisi wote.

Kaseti Mbili:
Sawa. Basi tuangalie albamu kama albamu. Mwenye kusema ni ndefu atuonyeshe angebakisha zipi. Kila mtu alete kumi zake, tuone kama mnakubaliana hata ninyi kwa ninyi.

Ngosha Ughaibuni:
Rahisi. New York New York, Firecracker, La Cienega, Rescue Blues, When the Stars Go Blue, Sylvia Plath, Enemy Fire, Wild Flowers, Harder Now, Goodnight Hollywood. Dakika arobaini, nyumbani umefika.

Chai ya Kericho:
Umetoa Answering Bell?? Ndio wimbo pekee wa kuchekesha moyo kwa hiyo CD, na banjo iko hapo. Kwa sababu ulisema ni Van Morrison sasa umeona aibu kuirudisha. Yangu: toa Enemy Fire, weka Answering Bell. Toa Sylvia Plath pia, mwanamume anaota mshairi aliyekufa atakuja kumwogesha, hapana.

Buda wa Umoja:
Sylvia Plath haitoki. Piano peke yake hapo inatosha. Toa Wild Flowers.

Mpiga Besi Mstaafu:
Mimi nabakisha tisa. Sina ya kumi.

Kaseti Mbili:
Yangu: New York, Answering Bell, La Cienega, Rescue Blues, Somehow Someday, Stars Go Blue, Nobody Girl (nzima!), Sylvia Plath, Harder Now, Goodnight Hollywood.

Mpiga Besi Mstaafu:
Haya. Mleta mada mwenyewe katoa Firecracker, katoa Enemy Fire, katoa Gonna Make You Love Me, katoa Wild Flowers, katoa Touch Feel and Lose, katoa Tina Toledo. Sita mkononi bila kutetemeka. Na za Side 4 ulizoanza nazo kulia, hujaweka hata moja. Mkosoaji alikutaka nini zaidi ya hicho ulichofanya?

Kaseti Mbili:
Hilo lilikuwa zoezi tu mzee, sijasema zingine zitoke. Na Side 4 sikuweka kwa sababu nusu yenu hamjaisikia, ningekuwa nacheza peke yangu. The Bar Is a Beautiful Place ingekuwa kwenye diski ya pili ya kweli msingekuwa mnaongea hivi.

Sabufa:
Kasema zoezi 😂😂😂

Buda wa Umoja:
Mimi enyewe Side 4 sijawahi kushika na mikono yangu. Kaseti uko nayo original?

Kaseti Mbili:
Ninayo, diski zote mbili na kava lake, niliikuta kwa muuza CD za mtumba Kariakoo, yeye mwenyewe alidhani ni Bryan akanipa kwa bei ya kutupa.

Sabufa:
Kwa hiyo Bryan kakusaidia. Sema asante

Buda wa Umoja:
Nitumie basi, kuna binamu anarudi Nairobi na basi Ijumaa, anashinda Sinza.

Kaseti Mbili:
Nakopesha, sitoi. Wiki mbili. Na ukishaisikiliza urudi hapa uandike kama bado unasema walimhurumia.

Bi Mkubwa Tudor:
Ikipitia Mombasa nami niisikie huo wimbo wa dakika kumi. Ila nikiboeka naizima, sitangoja mlango wa kutokea wa mtu.

Ngosha Ughaibuni:
Iko kwenye intaneti yote jamani, mnasafirisha CD kwa basi mwaka gani huu?

Chai ya Kericho:
Ameanza tena.